Gari Limepanda Juu, Usukani Je?

Safu hii imezoea kuongelea mambo ya moyo: wivu, simu za usiku, mawifi, pesa za matumizi. Mwezi huu naomba ruhusa tuingie uvunguni mwa gari. Najua kuna dada ameshaanza kufungua kurasa za mitindo. Subiri kwanza, shoga! Kama unatoka na mwanaume wa rika letu hapa mjini, mwenye kazi ya kueleweka na marafiki wanaopenda kwenda porini wikiendi, basi kuna chuma cha zamani kipo uani kwenu, au kipo njiani kinakuja. Na kikishafika, lazima kitapandishwa juu.

Kupandishwa ni hivi: springi zinabadilishwa au kuongezwa, tairi za kiwandani zinatolewa na kuwekwa nyingine kama miguu ya tembo, na gari lililokuwa na umbo la mbuzi linakuwa twiga. Likipita Coco Beach Jumapili jioni, watu wanageuza shingo. Sikatai, linapendeza. Hata mimi ninazo picha nimeliegemea na miwani ya jua. Ila urefu ule unalipiwa kwenye usukani, na anayeanza kulipa ni yule aliyekaa kiti cha kushoto, ambaye hana cha kushika zaidi ya mkanda na maombi.

La kwetu ni Land Cruiser BJ40 ya mwaka 1979, ile fupi, dizeli ya silinda 4, lita 3. Nasema la kwetu kwa sababu kadi ina majina mawili, ingawa ukimsikia mwenzangu akilisimulia kwa washikaji zake utadhani alilirithi kwa babu yake. Toyota walianza kutengeneza ukoo huu wa 40 mwaka 1960 na wakaufunga mwaka 1984, wakaleta ukoo wa 70, ambao wajukuu zake ndio hizi mkonga mnazoziona mbugani mpaka leo. Hizi za 40 hazina ujanja mwingi. Mbele kuna ekseli moja ngumu kutoka tairi hadi tairi, na ekseli hiyo imekalia springi za bapa, kama gari la ng'ombe lililosoma kidogo. Ndiyo maana zinadumu. Na ndiyo maana kila ukigusa kitu kimoja chini pale, vitu vinne vingine vinajibu.

Basi la kwetu lilipelekwa gereji moja hapa mjini (jina silitaji, maana shida yangu si ugomvi) likarudi limepanda. Springi mpya zenye mgongo mkubwa, shako ndefu zaidi, tairi za inchi 33. Shako ni vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye fremu. Kumbuka hilo neno, tutalirudia.

Wiki ya kwanza raha tupu. Mjini hapa foleni haikuruhusu kuzidi kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo gari lolote ni zuri. Wiki ya tatu tukatoka kwenda Lushoto, mimi, yeye na mtoto nyuma. Tumepita Mlandizi, yeye anaendesha, kasi kama 75 hivi, tukafika daraja la Ruvu. Tairi la mbele likagonga kile kiungo cha lami na daraja, kitu kidogo tu, gari la kawaida hata kahawa haimwagiki. Usukani ukaanza kutikisika. Sio ule mtetemo wa tairi lisilo na balansi, hapana. Usukani ulikuwa unakwenda kushoto na kulia kwa nguvu kama mtu mwingine ameushika, dashibodi inagonga, kioo cha pembeni kimekuwa ukungu, na mbele yetu kuna lori la mafuta linakuja. Mwenzangu akaachia mafuta, akaushika usukani kwa mikono miwili bila kushindana nao, akaacha gari lipungue lenyewe mpaka likatulia kwenye kasi kama 40. Alifanya sawasawa. Ukikutwa na hali ile usikanyage breki kwa hasira wala usikate kona ghafla. Punguza kasi taratibu mpaka iishe, halafu tafuta pa kusimama. Marekani wenye magari ya aina hii wana jina lao la hali hiyo, na neno kifo limo ndani ya jina.

Tuligeuza. Hiyo ilikuwa sharti langu, na sikupandisha sauti kulisema. Njia nzima ya kurudi hatukuzidi 50, mabasi yanatupita yanatupigia honi.

Sasa hapa ndipo safu hii inaporudi nyumbani kwake. Jioni ile nilimwambia, "Baba, mtoto hapandi tena hilo gari mpaka usukani upone." Akanijibu kwa upole wake ule, "Mama, hujalizoea tu. Magari ya zamani yote yako hivyo." Wangapi mmeshaambiwa maneno haya? Hujalizoea. Unaogopa. Gari la kazi hili, sio kigari cha kwendea saluni. Mimi nina jibu moja, na nakupa ulitumie: magari ya zamani hayako hivyo. BJ40 ilipotoka kiwandani ilikuwa nzito mkononi na ya taratibu, lakini ilinyooka barabarani. Watu wa misheni, madaktari na wahandisi walivuka nazo nchi hii nzima kwenye barabara ambazo sisi leo tungeshuka tutembee. Gari linalotangatanga lina ugonjwa, na ugonjwa huo una jina, na abiria anayeogopa mara nyingi ndiye kipimo cha kwanza kuuonyesha. Dereva ameshauzoea usukani kidogo kidogo, kila siku anasahihisha bila kujijua. Abiria hajazoea kitu, ndiyo maana anaona.

Gereji ile ile ikatupa dawa: shokapu ya stelingi. Ni shokapu ndogo inayolala kwa upana mbele, kazi yake ni kupunguza mapigo ya barabara yasifike mkononi. Yetu ilikuwa ya zamani, wakafunga mpya, nene, ya kupendeza. Gari likatulia. Siku tisa! Siku ya kumi, barabara ya Bagamoyo, mchezo ukaanza upya. Nimejifunza baadaye kwamba kile kifaa ni kizuri kwenye gari zima, ila kwenye gari gonjwa ni kama kumpa mtu panadoli ana malaria. Homa inashuka, mdudu bado yumo.

Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja fundi, alishika spana za Land Cruiser enzi hizo zikiwa mpya, sasa anafanyia kazi chini ya mwembe nyumbani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nani anaendesha?" Nikasema mara nyingi baba mtoto, na mimi kidogo. Akasema, "Basi leo wote mtafanya kazi. Wewe panda ukae kwenye usukani. Wewe bwana lala chini."

Kipimo hiki, wapenzi wasomaji, hakihitaji mashine wala shilingi, kinahitaji watu wawili wanaosikilizana. Gari limesimama mahali tambarare, injini imezimwa, hendibreki imevutwa, tairi ziko chini ardhini na sio juu ya jeki. Mmoja anauchezesha usukani kushoto na kulia, kidogo tu, kama upana wa kiganja, bila kuacha. Mwingine yuko chini anafuata nguvu ile inavyosafiri, kiungo kwa kiungo, na kila kiungo anakiwekea kidole. Kiungo kizima, pande zake mbili zinakwenda pamoja. Kibovu, upande mmoja unaanza safari na mwingine unachelewa, na kidole kinausikia ule mchezo kabla jicho halijauona. Kwenye nyingi za ukoo wa 40 safari hiyo ni ndefu: kutoka stelingi boksi kuna fimbo inakwenda kwenye mkono wa kati uliofungwa kwenye fremu, kutoka mkono huo fimbo nyingine inashuka kwenda kwenye ekseli, halafu ile tairodi ndefu inayounganisha tairi mbili. Kila ncha ya fimbo ina kiungo chake. Mchezo wa milimita moja hapa, moja pale, mbili kule, ukijumlisha unapata usukani unaozunguka kiganja kizima kabla tairi halijajua kwamba kuna mtu ameomba kitu.

Mimi juu nazungusha, yeye chini anapiga kelele: "Tena! Polepole! Rudi! Hapo hapo!" Mzee amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Tuliongea zaidi dakika zile ishirini kuliko wiki nzima iliyotangulia, si utani.

Tulichokuta: ncha mbili za tairodi zimekwisha. Mkono wa kati unacheza kwenye bushi zake. Boliti moja ya stelingi boksi imelegea, na mzee akapitisha kidole kwenye fremu kuizunguka boksi kutafuta ufa, maana magari haya huchanika pale, hasa yakivishwa tairi pana. Ufa hakuna, tukashukuru. Kisha akapandisha tairi moja moja kwa jeki, akaweka stendi, akalishika tairi juu na chini akalitikisa. Lilicheza. Hapo inaweza kuwa beringi za tairi au beringi za kingpini, na namna ya kuzitofautisha ni mtu mwingine akanyage breki wakati unatikisa: mchezo ukiisha, ni beringi za tairi; ukibaki, ni kingpini. Ulibaki.

Kuhusu hizo beringi za kingpini naomba mtulie kidogo, kwa sababu hakuna anayezitaja na ndizo zinazolea ule mtetemeko. Zinakaa juu na chini ya pale tairi linapogeukia. Zinatakiwa zibane kiasi, tairi ligeuke kwa kukataa kidogo. Kubana kunarekebishwa kwa vibati vyembamba vinavyowekwa chini ya kifuniko. Zikilegea, tairi linakuwa mlango usio na komeo: upepo kidogo tu, linapiga. Mzee alizibadilisha zote nne, na ubanaji akaupima kwa mizani ya springi, ile ya kuvuta, kama ya kupimia samaki. Mwenzangu alisimama anaangalia kama mtoto.

Jambo moja ambalo mzee alikataa kulifanya, na mafundi wengi hulikimbilia: juu ya stelingi boksi kuna skrubu ya kurekebishia. Ukiikaza, mchezo unapungua papo hapo na mteja anatoa tabasamu. Lakini kama mchezo uko kwenye viungo, umemkaza asiyehusika, na boksi iliyokazwa kupita kiasi inakuwa nzito pale katikati, inakataa kurudi yenyewe baada ya kona, na inajila meno. Ukiona fundi anaanza na bisibisi kabla hajalala chini, muage kwa heshima.

Turudi kwenye shako. Viungo vilipopona gari lilikuwa bora mara kumi, ila bado lilikuwa linatangatanga. Ukiachia usukani baada ya kona haurudi; kwenye barabara iliyonyooka inabidi umchunge kila sekunde. Hapa sasa ni jiometri, ile uliyoikimbia kidato cha pili.

Tazama baiskeli ya Phoenix. Uma wake wa mbele haukusimama wima, umelalia nyuma kwa juu. Kwa sababu hiyo, ukiuchora mstari wa uma mpaka chini, unagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Tairi linafuata nyuma ya mstari wake kama mkia, na kitu kinachovutwa kama mkia kinapenda kunyooka. Toroli la supamaketi ni hivyo hivyo, lisukume uone vigurudumu vinavyojigeuza vyenyewe nyuma. Kwenye gari, kulala huko kwa kingpini kunaitwa kasta. Ndiyo inayorudisha usukani katikati bila wewe kuuomba.

Sasa shikilia kiti. BJ40 na ndugu zake walitoka kiwandani na kasta ya digrii 1 tu. Moja! Walikuwa na tairi nyembamba na usukani usio na pawa, hawakutaka uwe mzito, na hakuna aliyekuwa anakwenda nao kilomita 110 kwa saa. Na kwenye magari haya shako za mbele ziko upande wa mbele wa springi. Ukirefusha shako kwa sentimita 5, gari linapanda nusu tu ya hizo, sentimita 2 na nusu hivi. Lakini ncha ya mbele ya springi imeshuka sentimita 5 nzima, nyuma imebaki palepale, kwa hiyo springi imeinama, na ekseli iliyoikalia imeinama nayo kwenda mbele. Springi ya urefu wa karibu mita 1, ncha moja ishuke sentimita 5: hesabu inatoa karibu digrii 3. Ulikuwa na 1, umepoteza 3. Umebaki na 2 za upande wa hasi. Uma wa baiskeli umelalia mbele! Tairi halifuati tena, linaongoza, na kila kokoto linalipa wazo jipya la kwenda. (Kwenye magari ambayo shako za mbele ziko nyuma ya springi mambo ni kinyume, kasta inaongezeka. Kwa hiyo usichukue ushauri wa rafiki mwenye gari jingine, hata kama ni mwenye kelele nyingi kuliko wote kwenye kundi.)

Hicho ndicho kilichofanyika kwetu. Hakuna aliyetuambia. Tulilipia sentimita 2 na nusu za urembo kwa digrii 3 za usalama.

Tiba ilikuwa ya hatua mbili. Kwanza mzee akarudisha shako za kipimo cha kiwandani. Mwenzangu alinuna, gari limeshuka vidole viwili, washikaji watasemaje. Nikamuuliza ni nani kati yao anayelala na mimi. Akacheka, yakaisha. Urefu uliobaki ni wa springi zenyewe, ambazo zilipandisha mbele na nyuma sawasawa. Pili, kati ya springi na ekseli zikawekwa kabari, vipande vya chuma vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili, vya kuilaza ekseli nyuma. Tulilenga kasta ya kama digrii 3, basi. Kabari zipo za alumini na za chuma. Chukua za chuma, maana za alumini huminywa na kupasuka. Na hakikisha fundi anajua upande mnene unakwenda wapi, kwa sababu ikigeuzwa umeongeza ugonjwa badala ya dawa. Baada ya kilomita mia chache yuboliti zinazobana springi zikazwe tena, zitakuwa zimelegea.

Kuna kikomo. Ukiilaza ekseli nyuma, pua ya difu inayotazama nyuma inashuka, na propela shafti ya mbele inapata kona kali. Ukizidisha, inaanza kulia na kutetemeka ukiweka foo wili. Anayetaka gari refu kweli kweli, kabari hazimtoshi. Inabidi ncha za ekseli zikatwe, zizungushwe na kuchomelewa upya kwa vipimo, na hiyo si kazi ya chini ya mwembe. Mtu akikuambia anaweza kukufanyia Jumamosi mchana, kimbia.

Kuhusu alaimenti: sehemu nyingi za mjini ukipeleka gari la ekseli ngumu watarekebisha kitu kimoja tu, tairi za mbele zinavyoangaliana, kwa kukaza au kulegeza tairodi. Ni muhimu, na kwa tairi za radio inatakiwa ziingiane mbele milimita chache tu. Lakini kasta hawawezi kuirekebisha kwa spana, wanaweza kuipima tu. Basi waombe waipime na wakupe karatasi. Kama namba ina alama ya kutoa mbele yake, usisafiri nalo.

Upepo wa tairi nao ni wa kuangaliwa. Yule kijana wa kujaza upepo anaona tairi kubwa anadhani linataka upepo mwingi, analifunga kama mpira wa fainali. Gari jepesi juu ya tairi pana lililojaa sana linagusa barabara kwa katikati tu, linarukaruka. Chukua chaki, chora mstari kukatiza sura ya tairi, endesha mita mia moja mahali tambarare, shuka utazame. Chaki ikifutika katikati pekee, upepo umezidi. Ikifutika pembeni pekee, umepungua. Ifutike sawasawa. Mtoto wetu ndiye mwenye cheo cha chaki sasa, na hakuna anayeruhusiwa kumnyang'anya.

Halafu kuna zile fimbo. Gari likipanda, ile fimbo inayoshuka kutoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli inakuwa na mteremko mkali. Tairi likipanda tuta, ekseli inakwenda kwa njia yake na fimbo inakwenda kwa njia yake, zinavutana, na usukani unageuka bila wewe kuugusa. Kadiri fimbo inavyolala karibu na usawa ndivyo tabia hiyo inavyopungua. Kushusha zile shako kulitusaidia hapo pia, nusu ya tatizo liliondoka bure. Na ukiwa chini pale tazama mipira ya breki: geuza usukani mpaka mwisho, ning'iniza tairi, angalia kama mpira haujavutika kama kamba ya nguo. Watu wanapandisha gari na kusahau kwamba breki nazo zinahitaji urefu. Hilo la breki sihitaji kulitilia chumvi.

Mtauliza, na pawa stelingi je? Toyota wenyewe waliiweka kwenye baadhi ya ukoo wa 40 miaka ya mwisho mwisho, na wanaobadilisha hupenda kuchukua stelingi boksi ya Land Cruiser 60, ile ya kati ya 1980 na 1990, pamoja na pampu na mipira yake. Iwe ya usukani wa kulia, na fremu iongezewe nguvu pale inapofungwa. Ni kitu kizuri. Kuegesha BJ40 yenye tairi za inchi 33 pale Kariakoo ni mazoezi ya mabega ambayo hakuna jimu inayatoa. Lakini pawa haiponyi mtetemeko. Inampa nguvu dereva, na viungo vibovu vinapigwa kwa nguvu zaidi. Yeyote anayekuuzia pawa kama dawa ya gari kutangatanga, hajalala chini.

Tulikwenda Lushoto hatimaye. Niliendesha mimi kuanzia Mombo, zile kilomita 33 za kona za kupanda, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari hili ni fupi, lina mita 2.3 tu hivi kati ya ekseli na ekseli, na sasa ni refu kwenda juu. Kwenye kona bado linalala kama bibi harusi anayeona haya, na hiyo jiometri haiwezi kuiondoa, ni ya kuendesha taratibu. Ila usukani ulikuwa unarudi. Unakata kona, unalegeza vidole, unausikia wenyewe unatafuta katikati. Baada ya Soni nikagundua mwenzangu hajashika kitu chochote. Mikono yake ilikuwa mapajani, anamwonyesha mtoto maporomoko.

Ile boksi ya Land Cruiser 60 tumeshaiona Gerezani, ipo kwenye rafu ya duka moja, ina kutu kidogo lakini nzima, na muuzaji ametupa wiki mbili. Yeye anataka tuichukue. Mimi nimesema kwanza tubadilishe mipira yote ya breki, ndipo tuzungumze habari ya mabega yake. Mpaka naandika hapa, anafikiria.